Macbeth na Mashauri Aliyoyakata Peke Yake

Swali la wapi hasa tanzia ya Macbeth, aliyoiandika William Shakespeare, inapogeuka huwa na majibu mawili ya kawaida. Wapo wanaotaja usiku wa kuuawa kwa Mfalme Duncan, kwa kuwa hapo ndipo uhaini unapoacha kuwa wazo na kuwa tendo; na wapo wanaotaja kuponyoka kwa Fleance, mwana wa Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, kwa kuwa tangu hapo mipango ya Macbeth inakwenda kombo. Majibu yote mawili yana utetezi, na la pili lina uzito zaidi kwa anayeangalia muundo, maana tukio hilo limewekwa karibu katikati kabisa ya tamthilia. Hata hivyo, naona kwamba yanapima kwa damu iliyomwagika au kwa bahati ya tukio, yakimwacha kando mtu mwenyewe anayeamua. Katika uchambuzi huu nitayachukua mauaji yaliyomo kwa mfuatano wake na kuyauliza maswali matatu: kabla ya tendo Macbeth alijadili kwa muda gani, alijadili na nani, na alitoa sababu gani. Kwa kipimo hicho, kipeo kikuu cha kisa kinaangukia mahali ambapo hapana jambia wala maiti, katika mazungumzo mafupi ya mume na mke, pale mume anapomficha mkewe alilolipanga.

Tamthilia iliandikwa karibu na mwaka 1606. Miaka mitatu nyuma, James wa Sita wa Uskoti alikuwa amerithi pia kiti cha Uingereza, na Novemba 1605 iligunduliwa njama ya kumlipua kwa baruti pamoja na Bunge lake. Kwa hiyo kisa cha raia anayemwua mfalme wa Uskoti hakikuwa hadithi ya mbali kwa watazamaji wa London. Shakespeare aliichota katika historia za Uskoti zilizomo kwenye kitabu cha Raphael Holinshed, na aliyoyabadilisha yanatufaa kuliko aliyoyaacha vilevile. Macbeth wa historia alimshinda na kumwua Duncan vitani mwaka 1040, akatawala miaka 17, na mwaka 1050 akaweza hata kusafiri hadi Roma na kurudi akakuta kiti chake kipo. Mauaji ya mgeni aliyelala ndani ya ngome yaliazimwa kutoka kisa cha mfalme mwingine, Duff, ambaye kwa simulizi ya Holinshed aliuawa kwa amri ya mwenyeji wake, Donwald, aliyechochewa na mkewe. Katika kitabu hicho hicho Banquo ni mshirika wa njama dhidi ya Duncan. Jukwaani ameoshwa, jambo lisiloshangaza kwa kuwa James alihesabiwa kuwa mzawa wa ukoo wake. Na utawala wa miaka 17 umebanwa hadi mtazamaji anauona kama wa majuma machache. Mabadiliko yote haya yanaelekea upande mmoja: yanaondoa vita vya wazi na kuweka mahali pake mashauri ya chumbani, na yanasogeza uamuzi mmoja karibu na mwingine ili tofauti zake zionekane.

Msomaji wa Kiswahili amekuwa na kazi hii mkononi tangu mwaka 1968, S. S. Mushi alipoifasiri kwa jina la Makbeth. Hapa nitayaacha majina ya wahusika kama yalivyo katika asili na kueleza kauli zao kwa maneno yangu.

Kisa kinaanza na askari hodari. Kabla hatujamwona, tunaelezwa kwamba Macbeth amempasua mwasi Macdonwald kutoka kitovuni hadi tayani na kukitundika kichwa chake juu ya ukuta wa ngome. Si mtu anayeogopa kuua, na ni vema hilo likumbukwe, kwa sababu baadaye mkewe atamwita mwoga. Wachawi watatu wanamwamkia kwa vyeo vitatu: Thane, yaani mkuu, wa Glamis, ambacho tayari anacho, Thane wa Cawdor, ambacho mfalme ameshampa bila yeye kujua, na mfalme wa baadaye. Banquo anaambiwa kwamba atazaa wafalme ingawa yeye mwenyewe hatakuwa mfalme. Wengi huiita hapo hatua ya kwanza ya anguko, lakini maneno yale yale yameingia masikioni mwa watu wawili na mmoja wao akalala usiku akiomba Mungu amwondolee mawazo mabaya. Banquo hata anaonya papo hapo kwamba vyombo vya giza humwambia mtu kweli ndogo ili vije vimsaliti katika jambo kubwa. Macbeth mwenyewe, baada ya kutetemeshwa na wazo la kuua, anafikia uamuzi wa busara: ikiwa bahati inataka awe mfalme, basi bahati na imvike taji bila yeye kunyanyua kidole.

Kinachoivunja subira hiyo ni siasa. Katika Uskoti ya wakati ule taji halikupita moja kwa moja kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Ndugu wa ukoo aliyekomaa na mwenye sifa za vita angeweza kulipata, na Macbeth ni binamu wa mfalme na mshindi wa vita. Duncan, mbele yake na mbele ya wakuu wote, anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi na kumpa cheo cha Mwana Mfalme wa Cumberland. Mlango wa bahati umefungwa kwa tangazo moja. Macbeth anasema kando kwamba hiyo ni ngazi ambayo ama aanguke juu yake ama airuke. Mwandishi ameweka pia kinaya kikali hapo: Duncan anamzungumzia Thane wa Cawdor wa zamani, msaliti aliyekwisha hukumiwa na kuuawa, anasema hakuna elimu ya kumsoma mtu moyo kwa kumtazama uso, na kwamba alikuwa amemwamini kabisa; kabla hajaimaliza kauli, Macbeth anaingia, naye mfalme anamgeukia kwa furaha na kumwita binamu mwema kuliko wote.

Onyesho la saba la sehemu ya kwanza ndilo linalostahili kusomwa taratibu kuliko yote ya mwanzo. Mfalme yuko mezani ndani ya nyumba ya Macbeth, na mwenyeji ametoka nje peke yake. Anajipangia hoja kama mtu aliyesimama barazani mbele ya wazee. Hukumu ya mbinguni angeweza kuihatarisha, anasema, lakini kuna hukumu ya papa hapa duniani, kwa kuwa anayefundisha wengine kumwaga damu hurudiwa na somo lake. Kisha anataja wajibu wake: yeye ni ndugu wa Duncan, ni raia wake, na ni mwenyeji ambaye alipaswa kumfungia mlango mwuaji badala ya kushika kisu mwenyewe. Zaidi ya hayo, Duncan ni mfalme mpole na safi kiasi kwamba wema wake utalia kama malaika wenye tarumbeta. Upande wa pili wa mizani ameona kitu kimoja tu, tamaa ya makuu, nayo anaifananisha na mpandaji anayeruka kwa pupa juu ya farasi akaangukia upande wa pili.

Ndipo mkewe anapotoka kumtafuta, naye anamwambia hawataendelea na jambo hilo. Sababu anazozitoa ni zipi? Anasema mfalme amempandisha cheo majuzi, na kwamba amejipatia sifa nzuri kwa watu wa kila aina, sifa ambazo inafaa azivae zingali mpya asizitupe haraka. Basi. Udugu hakuutaja, wala uraia, wala haki ya mgeni. Wema wa Duncan umebaki moyoni. Zile hoja nzito alizozipanga akiwa peke yake amezificha, akamletea mkewe hoja nyepesi ya jina na heshima. Nadhani hili halisisitizwi vya kutosha. Bibi Macbeth anashinda mjadala ule kwa sababu alikabidhiwa sehemu dhaifu tu ya kubishana nayo. Aliyejitetea kwa heshima hujibiwa kwa aibu, na ndivyo anavyofanya: anamwuliza kama tumaini lake lilikuwa limelewa, anamwita mwoga, anamwambia kwamba alikuwa mwanamume pale alipothubutu. Halafu anaongeza picha ya kutisha ya mtoto anyonyaye ambaye angemng'oa kwenye titi na kumpasua bongo kama angekuwa ameapa kufanya hivyo. Macbeth anajaribu kusema kwamba anathubutu yote yampasayo mwanamume na apitaye hapo si mwanamume, jibu zuri ambalo anaendelea nalo kwa nusu hatua na kuliacha.

Swali analouliza baada ya hapo ndilo linalogeuza onyesho zima: tukishindwa je? Swali la haki limegeuka kuwa swali la njia. Mkewe ana jibu tayari. Wahudumu wawili wa chumba cha mfalme watanyweshwa hadi wazime, majambia yao yatatumika, damu watapakwa wao. Macbeth, aliyekuwa akisikia malaika muda mfupi uliopita, sasa ndiye anayekamilisha maelezo ya mpango, na anamsifu mkewe kwamba azae wana wa kiume tu.

Tukirudi kwenye maswali matatu, mauaji ya Duncan yana majibu mazito. Mjadala umechukua maonyesho kadhaa. Umefanywa na nafsi yake kwanza, kisha na mke. Sababu za kukataa zilijulikana zote na sababu ya kukubali ilitajwa kwa jina lake bila kupambwa. Ni uovu uliotendwa na mtu aliye macho. Kwa kiasi fulani hilo ndilo linalomfanya aendelee kutugusa.

Usiku wenyewe unatuonyesha wawili wanaotegemeana. Macbeth anarudi ameshika majambia yale mawili ambayo yalipaswa kuachwa chumbani, na mkewe hayaoni mpaka wamekwisha zungumza kwa muda. Anasumbuliwa na neno dogo la sala ambalo limemkwama kooni; wahudumu waliposema Mungu atubariki, yeye hakuweza kuitikia amina. Amesikia sauti ikisema kwamba Macbeth ameuua usingizi. Bibi Macbeth, ambaye dakika chache nyuma alikiri kwamba angemwua mwenyewe kama mzee yule asingefanana na baba yake akiwa usingizini, anayachukua majambia, anayarudisha, na anatoka na mikono myekundu akisema maji kidogo yatawatakasa. Hadi hapa mpango ni wa wawili, na mwenye kuusimamia ni mke.

Kinachofuata hupitwa haraka na wasomaji wengi, pengine kwa sababu kinatokea nyuma ya pazia. Macduff, mkuu wa Fife, amegundua maiti, ngome nzima imeamka, Macbeth na Lennox, mkuu mwingine, wamekimbilia chumbani. Wanaporudi, Lennox anaeleza kwamba wahudumu walionekana kuwa ndio waliotenda, mikono na nyuso zao zimejaa damu. Macbeth anadakia kwamba anajutia hasira yake iliyomfanya awaue. Macduff anamwuliza kwa maneno machache tu: kwa nini ulifanya hivyo? Katika mpango wa mkewe hapakuwa na mauaji haya. Wahudumu walitakiwa waamke wakiwa wamepakwa damu na kubebeshwa hatia. Wakiwa wafu hawawezi kukana, lakini pia hawawezi kuhojiwa, na mtu mwenye akili atajiuliza ni nani aliyenufaika na kimya chao. Lennox mwenyewe, baadaye katika sehemu ya tatu, atalirejea jambo hili kwa kejeli: Macbeth alifanya vizuri kweli, kwani moyo gani usingechukia kuwasikia watu wale wakikana?

Macbeth anajibu swali la Macduff kwa hotuba ndefu, iliyorembwa mno, juu ya ngozi ya fedha ya Duncan iliyofumwa kwa damu ya dhahabu. Katikati ya hali hiyo Bibi Macbeth anaomba asaidiwe kuondoka, anazimia au anajifanya kuzimia. Wachambuzi hubishana kama ni kweli au ni hila. Kwangu jambo la uzito ni kwamba hapo ndipo anapopata habari, pamoja na watu wengine wote, kuwa mumewe ameua tena bila kumwambia. Kwa mara ya kwanza tendo limetangulia shauri. Lilifanywa kwa dakika moja, bila kuulizwa mtu, na sababu ikatungwa baadaye kwa ajili ya wasikilizaji. Mauaji haya mawili ya watu wasio na majina ndiyo kielelezo cha yote yatakayofuata, na ningependa kuyaita mgeuko wa kwanza wa kweli wa Macbeth akiwa peke yake.

Malcolm na Donalbain, wana wa Duncan, wanakimbia, mmoja Uingereza na mwingine Ireland, na kukimbia kwao kunawafanya washukiwe. Macbeth anakwenda Scone kuvikwa taji. Macduff haendi, anarudi kwake Fife.

Sehemu ya tatu inafunguka kwa Banquo akisema peke yake kwamba Macbeth sasa amevipata vyote, na kwamba anahofu amevichezea rafu. Mfalme mpya anaingia na kumwalika karamuni kwa ukarimu mwingi. Kati ya maneno ya heshima anapenyeza maswali matatu: unapanda farasi alasiri hii? Je, unakwenda mbali? Fleance anakwenda pamoja nawe? Kila swali limezungukwa na mazungumzo mengine, ya baraza la kesho na ya wana wa Duncan walioko ugenini, kiasi kwamba Banquo anajibu bila kushtuka. Anayeyatazama maswali hayo akijua kinachoandaliwa anaona ufundi ambao Macbeth wa sehemu ya kwanza hakuwa nao. Yule alishindwa hata kuitawala sura yake, mkewe akamwambia uso wake ni kitabu ambacho watu wanaweza kukisoma.

Akibaki peke yake anasema maneno yanayofanana kwa umbo na yale ya kabla ya kifo cha Duncan, lakini mizani imegeuka. Hatafuti tena sababu za kutoua. Anataja ujasiri na hekima ya Banquo kama kosa lake, na anachukizwa kwamba ameuza roho yake ili wazao wa Banquo wawe wafalme, yeye akiwa na taji lisilozaa. Halafu anawaita watu wawili aliokwisha zungumza nao kabla, na kuwashawishi kwamba Banquo ndiye chanzo cha dhiki yao. Wanaposema kwamba wao ni wanaume, anawajibu kwamba ndiyo, katika orodha wamo, kama vile mbwa wa kila aina wanavyoitwa mbwa. Waonyeshe basi wao ni wa daraja gani. Ni hoja ya mkewe, ile ya uanaume, imehamia kinywani mwake na sasa anaitumia kwa wengine. Mwanafunzi amekuwa mwalimu, na mwalimu hajaitwa.

Sasa tumefika kwenye mazungumzo niliyoyataja mwanzoni, onyesho la pili la sehemu ya tatu. Malkia anamtuma mtumishi amwombee nafasi ya kuzungumza na mfalme. Zamani alikuwa akiingia na kumkuta; sasa anapiga hodi kwa mtumishi. Akiwa anamngoja anasema kwamba hakuna walichopata, wametoa vyote na roho hazina raha. Mumewe anapoingia, hamwambii aliyokuwa akiyawaza. Anamwambia yasiyo na dawa yasifikiriwe, lililopita limepita. Macbeth naye anakiri kitu kikubwa, kwamba ni heri kuwa na wafu waliowapeleka kwenye amani kuliko kulala juu ya mateso ya akili, na kwamba akili yake imejaa nge. Kwa dakika hiyo wako karibu sana. Kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, amemhusudu maiti. Kama wangeyasema hayo kwa pamoja, mjadala wa sehemu ya kwanza ungefunguliwa upya, safari hii na watu wawili wanaojua gharama.

Badala yake anadokeza kwamba usiku huo litafanyika tendo la kutisha. Mkewe anauliza: ni lipi litakalofanyika? Naye anamjibu kwa upole, akimwita kipenzi, kwamba abaki bila hatia ya kujua mpaka atakapokuja kulishangilia. Kisha anauomba usiku ufunge macho ya mchana, kama ambavyo mkewe aliuomba usiku mzito uje kabla Duncan hajafika. Anamwomba hata ampe Banquo heshima ya pekee karamuni, naye tayari amewatuma watu wa kumwua.

Ninalichukulia onyesho hili kuwa kipeo kikuu kwa sababu linafunga mlango ambao ungeweza kufunguliwa kwa ndani. Inasemekana mara nyingi kwamba Macbeth anamficha mkewe kwa mapenzi, ili kumwepusha na hatia, na lugha yake inaruhusu usomaji huo. Hata mapenzi yakikubaliwa, matokeo yake ni kwamba mtu pekee aliyekuwa na ruhusa ya kumbishia amevuliwa kazi hiyo. Bibi Macbeth hakuwa mshauri mwema. Alikuwa mshauri hata hivyo, mwenye kuona hatari, mwenye kujua kiasi, mwenye kuuliza jambo hili linatusaidia nini. Yeye alitaka kifo kimoja. Hakuna mahali katika maneno yake panaposema wazi kwamba alihitaji cha pili.

Mauaji ya Banquo yanafanywa gizani, na wauaji wanajikuta watatu badala ya wawili, maana Macbeth ametuma mwingine bila kuwaarifu. Hata aliowaajiri hawaamini. Taa inazimwa, Banquo anaanguka akimlilia mwanawe akimbie na kulipa kisasi, na Fleance anapotea usiku. Kimuundo hapo ndipo mambo yanapopinda, nakubali, lakini ajali hiyo inamkuta mtu aliyekwisha geuka. Fleance harudi tena jukwaani, wala tamthilia haituonyeshi akiwa mfalme. Watazamaji wa mwaka 1606 hawakuhitaji kuonyeshwa, kwa kuwa aliyekuwa kitini alidai kutoka katika uzao huo.

Karamu inaanza kwa utaratibu. Mfalme anawaambia wageni kwamba wanavijua vyeo vyao, wakae. Mwuaji anatokea mlangoni na damu usoni, anaripoti kwamba Banquo yuko shimoni akiwa na majeraha ishirini kichwani, na kwamba Fleance ameponyoka. Macbeth anarudi mezani akakuta kiti chake kimekaliwa na mzimu wa Banquo, yule yule anayemsifu na kusikitika mbele ya wageni kwamba hayupo. Yeye tu ndiye anayemwona. Bibi Macbeth, asiyejua lolote, anafanya kazi yake ya zamani kwa bidii ya mwisho: anawaambia wageni kwamba hali hiyo anayo tangu ujana, anamnong'oneza mumewe kama yeye ni mwanamume, anakumbusha lile jambia la hewani alilodhani ameliona usiku wa kumwua Duncan. Hoja ya uanaume, iliyofaulu siku ile, haimfikii. Anashindwa kumtuliza kwa kuwa hajui anamtuliza kwa sababu ya nini, na mwishowe anawaambia wageni wasingoje mpangilio wa kuondoka, waondoke mara moja. Vyeo vilivyowakalisha havikuwepo tena katika kuwainua.

Wanapobaki wawili, Macbeth anazungumza sana na mkewe anajibu kidogo. Amemwuliza juu ya Macduff aliyekataa mwaliko, akamweleza kwamba hakuna nyumba ya mkuu ambayo hana mtumishi anayemlipa ndani yake, na kwamba kesho atawaendea wachawi. Anasema ameingia ndani ya damu kiasi kwamba kurudi kungechosha sawasawa na kuvuka. Mkewe anamwambia anahitaji usingizi. Baada ya hapo hatuwaoni tena wakiwa pamoja.

Kuwaendea wachawi kunaeleza mengi. Mara ya kwanza walimjia wao. Sasa anawatafuta, na kwa sauti ya amri. Bado anahitaji kuuliza, ila amewachagua wasiobishana, wanaotoa majibu tu. Anapewa kichwa chenye kofia ya chuma kinachomwonya juu ya Macduff, mtoto mwenye damu anayesema hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, na mtoto mwenye taji, ameshika mti, anayesema hatashindwa mpaka msitu wa Birnam uje Dunsinane, penye ngome yake. Halafu, kwa kuwa ameng'ang'ania kuuliza juu ya uzao wa Banquo, anaonyeshwa wafalme wanane, wa mwisho akiwa na kioo. Lennox anapomletea habari kwamba Macduff amekwisha kimbilia Uingereza, anatoa tamko ambalo ni kanuni ya utawala wake uliobaki: tangu dakika hii, la kwanza litakaloingia moyoni ndilo la kwanza litakalofanywa na mkono. Kwa kipimo chetu muda wa mjadala sasa ni sifuri, naye ametangaza mwenyewe kwamba ameufuta.

Na sababu? Kumwua Duncan kulileta taji. Kumwua Banquo kulikusudiwa kulinda uzao. Kumwua mke wa Macduff na watoto wake hakuleti chochote, kwa kuwa Macduff mwenyewe yuko mbali na ulinzi wa Macbeth hauongezeki hata kidogo. Shakespeare ametupa muda wa kumsikia mtoto akibishana na mama yake kwa ucheshi juu ya wasaliti, kwamba wasaliti ni wengi kuliko watu wema na wangeweza kuwashinda, kabla wauaji hawajaingia. Katika nyumba ile bado watu wanajadiliana. Ndiyo nyumba ya mwisho ya namna hiyo tunayoonyeshwa Uskoti.

Habari zinamfikia Macduff akiwa Uingereza. Malcolm, kijana na mwenye haraka ya kisasi, anamwambia apambane nalo kama mwanamume. Macduff anakubali, lakini anasema lazima pia alihisi kama mwanamume. Uanaume ambao Bibi Macbeth aliupima kwa kuthubutu, na Macbeth akawapimia wauaji kwa madaraja ya mbwa, hapa unapewa maana nyingine na mtu mwenye haki ya kuitoa, naye haitoi kama mawaidha. Anauliza tu tena na tena kama ni wote, watoto wake wote, na mama yao.

Mazungumzo yaliyokatizwa katika sehemu ya tatu yanaendelea katika ya tano, upande mmoja ukiwa usingizini. Bibi Macbeth anatembea na mshumaa mbele ya tabibu na mhudumu wake, akisugua mikono, na anamsemesha mumewe asiyekuwepo: aibu, bwana wangu, askari gani anaogopa? Anamwambia Banquo amezikwa na hawezi kutoka kaburini. Anauliza mkuu wa Fife alikuwa na mke, yuko wapi sasa? Mauaji aliyofichwa ameyajua yote, na shauri ambalo hakupewa nafasi ya kulitoa analitoa gizani kwa mtu ambaye hayupo. Macbeth, anapoletewa habari ya kifo cha mkewe, anasema tu kwamba angefaa kufa baadaye, ungekuwepo wakati wa neno kama hilo, na anaendelea na kauli yake mashuhuri juu ya kesho na kesho na kesho. Ni maneno ya mtu asiye na wa kumjibu.

Birnam inakuja kwa matawi yaliyobebwa na askari wa Malcolm, na Macduff anatamka kwamba yeye alitolewa tumboni kwa mama kabla ya wakati wake. Macbeth anasema hatapigana naye. Hapo, baada ya amri na utabiri mwingi, mtu mwingine anamwekea uchaguzi wenye masharti yaliyo wazi: ajisalimishe aishi, awe maonyesho ya watu, picha yake ichorwe juu ya mti na kuandikwa chini yake kwamba hapa ndipo aonekanapo dhalimu. Kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ule wa karamu ya Duncan, Macbeth anapima pande mbili kwa sauti mbele ya mwenzake na kutoa sababu zake: hatabusu ardhi mbele ya miguu ya Malcolm mdogo, wala hatakubali kuzomewa na umati. Birnam imefika, mpinzani hakuzaliwa na mwanamke, anayajua yote mawili, na anachagua kujaribu. Sababu ni ile ile aliyompa mkewe siku ile, heshima yake mbele ya watu, na Macduff, tofauti na mkewe, habishani nayo.